Daktari wa Ng'ombe na Piki Kubwa

Daktari alisalimia ng'ombe kwanza, mwenye ng'ombe baadaye. Alikuwa akifika bomani anavua helmeti, anapita mbele yako kana kwamba hakukuona, anamwekea mnyama mkono mgongoni na kumuuliza, "Umeamkaje?" Akimaliza huko ndipo anageuka. "Mama Mwende, habari ya asubuhi." Mara ya kwanza nilinuna. Nilikuwa nimefagia ua na kujifunga leso safi kwa ajili ya mtu wa serikali, naye ananiruka. Nikamwambia hivyo hivyo, maana mimi sina tabia ya kumeza maneno. Akacheka.

"Wewe uko na mdomo," alisema. "Ukiwa mgonjwa utasema. Huyu lazima nimtafute mwenyewe."

Nilimsamehe, ingawa kwa miaka yote iliyofuata sikuacha kumkumbusha.

Sisi tunaishi Mwala, upande wa nyuma, ng'ambo ya mto wa mchanga. Nikisema mto usifikirie maji. Mto wetu hupata maji wakati wa mvua tu, kisha yanajificha chini na juu panabaki mchanga mweupe ambao mbuzi hupita wakitafuna. Tukitaka maji tunachimba. Majirani wachache wanakuwa na kithima chao, yaani kisima cha mchangani, wamekizungushia matawi ya miiba ili ndama wasitumbukie. Zamani sisi wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, tulikatiza mto ule kwa ukuta wa mawe na saruji. Mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na ndani ya mchanga huo maji yanakaa hata mwezi wa tisa wakati punda wa watu wengine wanatembea nusu siku kutafuta maji. Mimi ni mwenyekiti wa mwethya huo. Kwa hivyo mtu akitaka kujua habari za mchanga wa mto wetu, sioni kwa nini asiniulize mimi.

Si kwamba madaktari wengine wa mifugo hawako. Wako pale sokoni, wana maduka ya dawa na makoti meupe. Ukiwapigia simu swali la kwanza ni, "Uko upande gani wa mto?" Ukisema ng'ambo, ghafla mtandao unasumbua, hawakusikii vizuri, watakupigia baadaye. Daktari wetu hakuwahi kuuliza upande. Aliuliza mnyama anakula ama hali, amelala ama amesimama, halafu anasema, "Nakuja." Na alikuja. Mtu ambaye hajawahi kulala na ng'ombe mgonjwa nyumbani hawezi kujua neno hilo lina uzito gani.

Alikuwa na mambo yake. Hakunywa chai ya maziwa. Daktari wa ng'ombe, mtu aliyeokoa matiti ya ng'ombe wa tarafa nzima, anakunywa turungi, ile chai kavu isiyo na tone la maziwa. Ukimuuliza anakwambia, "Mimi naona hayo maziwa yakitoka. Wewe unayaona kwa kikombe." Alinawa mikono kwa sabuni yake mwenyewe, kabla na baada, mpaka kwenye viwiko, na alitugombeza juu ya uchafu wa ndoo zetu. Kisha ukienda soko la Mwala jioni unamkuta amesimama kando ya jiko la mutura, yale matumbo yaliyojazwa nyama na damu, anakatiwa kipande juu ya ubao ambao haujaona maji tangu ulipochongwa, anatafuna na chumvi na pilipili na macho ameyafumba. Nilimuuliza sabuni iko wapi leo. Akasema mtu akipewa likizo asiulizwe habari za kazi.

Hakula mbuzi aliyewahi kumtibu. Hilo alilishika kama dini. Kwenye sherehe alikuwa akisogea polepole mpaka kwa mwenye nyumba na kunong'ona, "Huyu ni yupi? Ni yule wa kuhara?" Kama ni yule wa kuhara, basi yeye alikula isyo, mahindi na maharagwe, na hakuna mtu angemshawishi. "Mgonjwa wangu siwezi kumla," alisema.

Alisema pia kwamba dawa ya kwanza ni kuangalia. Angeketi juu ya mtungi wa plastiki uliopinduliwa akamtazama ng'ombe tu, bila kufungua begi, mpaka mwenye ng'ombe aanze kuona aibu. Mzee mmoja wa kwetu alimwapia kwamba ng'ombe wake hajala kitu chochote kibaya. Daktari akaketi, akatazama. Baada ya muda ng'ombe akaharisha, na kilichotoka kilikuwa na rangi ya waridi, ile ile ya dawa inayopakwa mahindi ya mbegu. Mzee akatazama mawingu. Daktari alifungua begi akaanza kazi. Wiki nzima wanakijiji walimuuliza mzee kama amepanda mbegu zake ama bado.

Basi fikiria mtu wa namna hiyo, mwangalifu, anayepima dawa kwenye sindano huku ameishikilia mbele ya jua. Mtu huyo alipopanda pikipiki alikuwa kijana asiye na mama.

Enzi za kazi ya serikali alikuwa na piki ndogo ya ofisi, nyembamba, yenye miguu mirefu na matairi ya meno. Haikuwa na sura. Kioo kimoja cha kutazama nyuma kilikuwa kimefungwa kwa mpira wa tyubu, kingine hakikuwepo. Lakini iliingia kila mahali mbuzi anaingia. Alipita nayo juu ya mchanga wa mto, nyuma ya ukuta wetu kabisa, akiyumba kama mlevi na miguu ameinyoosha pande zote. Akianguka aliinua kwa mkono mmoja, akajikung'uta, akaendelea na hadithi aliyokuwa akisimulia. Alipostaafu aliirudisha ofisini. Tukamfanyia sherehe, tukachinja mbuzi ambaye hakuwahi kumtibu, wazee wakahutubu na mimi nikalia. Nilijua kuanzia hapo tutabaki na hao wa mtandao unaosumbua.

Halafu siku moja tukasikia mlio. Nilidhani ni lori la kubeba mchanga, nikatoka na fimbo kwenda kulifukuza. Ni Daktari. Amekalia pikipiki kubwa kama ndama wa mwaka, ina kioo cha kukinga upepo, ina mdomo mrefu mbele kama wa bata, ina masanduku mawili ya chuma ubavuni. Kwenye sanduku moja kulikuwa na stika ya ramani ya Afrika. Aliinunua kwa mtu wa Syokimau ambaye alitaka kuizungusha Afrika yote, akaishia Naivasha, mgongo ukamuuma.

"Mama Mwende," aliniambia hata kabla hajashuka, "hii imeundwa kwa njia mbaya."

"Nani amekwambia?"

"Imeandikwa kwa kitabu chake. Hata iko na kitufe cha milima."

Akanionyesha. Unabonyeza, picha ndogo ya mlima inawaka kwenye kioo. Alieleza kwamba ukibonyeza hivyo, piki inajua sasa imeacha lami. Nikamwambia piki inaweza kujua, lakini mchanga hausomi. Alicheka sana, na akalirudia neno hilo sokoni kana kwamba ni lake.

Kuanzia hapo kukawa na kesi moja tu katika soko la Mwala, na kila Jumanne, siku ya soko, ilisikizwa upya. Je, piki hii ni ya vichakani kweli, ama imevaa tu nguo za vichakani? Musyoka, anayeendesha boda boda pale stejini na ambaye boma lake linapakana na langu, alikuwa mpinzani mkubwa. "Daktari, hii ni nduthi ya kupiga picha," alisema. "Ukiinama nayo kwa matope utaita nani? Yangu nikianguka, naibeba kwa bega." Daktari alijibu kwamba yeye haendi kwa matope kuinama, anaenda kupita. Kulikuwa na mfanyabiashara wa ng'ombe, mzee Msomali tuliyemwita Haji, mtu mpole asiyependa kelele. Siku moja walimwomba aamue. Akaizunguka ile piki kama anayetaka kuinunua, akatazama matairi, akatikisa kichwa.

"Wallahi Daktari, ngamia ni mzito kushinda hii. Lakini angalia mguu wake. Ni mpana, tena laini. Hii umeipa mwili ya ngamia na mguu ya mbuzi."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Daktari naye alicheka, lakini nilimwona akiangalia matairi yake kwa upande.

Sitaki kuidhulumu piki ile, kwa sababu kuna siku ilituokoa. Mbuzi wa kwetu walishikwa na homa ya mapafu, ile inayopita boma hadi boma ikiacha ngozi tu. Chanjo ilikuwa Machakos mjini, na chanjo ikipata joto njiani ni maji ya kawaida, afadhali unywe. Daktari aliondoka asubuhi, na kabla ya saa sita alikuwa amerudi. Alifungua lile sanduku la chuma na ndani ya kijaluba cha kubebea chanjo barafu ilikuwa bado imegandana. Barabara ile ya murram, ya changarawe nyekundu, ina mawimbi yanayong'oa meno, lakini alisema piki ilipita juu yake kama kitanda. Hakuna nduthi ya steji ingefanya hivyo, na Musyoka mwenyewe alikiri. Mbuzi wangu wote walidungwa siku hiyo, na wengi wa watoto wao unaowaona hapa leo hawangezaliwa.

Kwa hivyo alikuwa na haki ya kujivuna. Shida ni kwamba hakujua haki hiyo inaishia wapi. Barabara ya murram ilimpa kichwa, akadhani mchanga nao ni ndugu yake murram. Alianguka karibu na shule, kwenye tope la bomba lililopasuka. Alianguka langoni kwa katekista akijaribu kugeuza. Kila mara watu waliitana, "Daktari amelala!" na wanaume watatu wakaenda kumwinua. Baadaye alijifundisha kuinua mwenyewe: unaipa piki mgongo, unachuchumaa, unashika, unasukuma kwa mapaja ukirudi kinyumenyume. Alituonyesha uwanjani kanisani baada ya ibada, akiwa na suti. Mwili ulitetemeka, lakini piki ilisimama, nasi tukapiga makofi.

Mkewe hakupiga makofi. Mama Daktari ni mwanamke wa maneno machache, na anaposema hurudii swali. Alisimama pale uwanjani na pochi yake mkononi, akangoja makofi yaishe.

"Ukianguka tena uumie," alimwambia, "hii piki inaenda. Na kazi inaenda nayo. Utakaa nyumbani kama wazee wenzako."

Akasema mbele yetu sote, nadhani kwa makusudi, ili tuwe mashahidi. Watu walicheka kidogo. Mimi sikucheka, kwa sababu nilielewa kwamba tangu siku hiyo daktari wetu alikuwa amebakiza kuanguka mara moja tu, na sisi wa ng'ambo ndio tuliokuwa na mchanga.

Nikamwambia hapo hapo, "Daktari, ukija kwetu pita chini ya ukuta." Chini ya ukuta kuna mwamba, na hapo ndipo ng'ombe na watu huvukia. Alisema mwamba una ngazi mbaya, unakwaruza tumbo la piki. Nikamwambia tumbo la piki halina uchungu. Akasema, "Nimepita huko juu miaka yote, Mama Mwende. Unanifundisha njia yangu?" Kweli alikuwa amepita. Lakini alipita na ile nyingine.

Ilikuwa kiangazi, asubuhi. Tulikuwa mtoni tunateka maji, wanawake wengi na wanaume wachache, tukasikia mlio wake. Alikuwa anakuja kwa Musyoka kuhasi ndama. Alifika ukingoni, akasimama, na kwa macho yangu nilimwona akibonyeza kile kitufe. Nikapaza sauti, "Pita chini! Daktari, pita chini!" Aliinua mkono kama anayejibu salamu, akashuka.

Nieleze jambo moja hapa. Mchanga wa nyuma ya ukuta juu ni mkavu na tambarare, unatamani kuulalia. Lakini chini umeshiba maji. Tena maji yakipungua kwenye kithima tunahamia pengine, na desturi yetu ni kulifukia shimo la zamani ili mnyama asivunjike mguu. Shimo lililofukiwa linambeba mbuzi, linambeba ng'ombe, na lile la mwaka huo labda lingeibeba piki ya ofisi. Gurudumu la mbele la piki kubwa lilipofika juu yake lilizama mpaka kwenye ekseli. Daktari akatoa mguu ajizuie, kama alivyozoea, na mguu ukazama vilevile. Piki ikamlalia. Lile sanduku la chuma likatua juu ya mguu wake, chini ya goti, na nikausikia mfupa.

Injini ililia, gurudumu la nyuma likatumwagia mchanga usoni. Musyoka alikuwa wa kwanza kufika akaizima. Tulichimba kwa makarai, kwa vibuyu, kwa mikono, na kila tulipochota, mchanga ulirudi na maji juu yake. Uso wa Daktari ulikuwa umegeuka rangi ya jivu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mchana. Mtu akaleta kamba ya ng'ombe tukaifunga kwenye chuma cha piki, na mama mmoja akaanza wimbo wetu wa kujengea ukuta, kwa mazoea tu. Tukaitikia, maana mikono yetu haijazoea kuvuta bila wimbo. Tukavuta. Piki ikainuka kiasi cha mtu kutolewa, Musyoka akamshika kwapani akamtoa.

Daktari alifumbua macho. "Chupa za dawa zimevunjika?" aliuliza.

Nilitaka kumpiga kofi na kumkumbatia, na sikufanya lolote kati ya hayo, nilikaa tu juu ya mchanga nikalia.

Walimpeleka hospitali kwa pikapu. Mfupa ulivunjika mahali pawili, na akawekwa vyuma. Kijijini hakuna aliyekosa kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wengine walimpelekea methali hiyo hospitalini pamoja na ndizi. Alijibu kwamba hapa mkuu ni yeye. Waliofurahia ajali ile ni ndama wa Musyoka peke yao. Lakini utani uliisha upesi, kwa sababu Mama Daktari alitimiza neno lake. Piki ilivutwa hadi nyumbani kwao, ikafunikwa na turubai. Watu waliopiga simu walijibiwa na yeye. "Hafanyi hiyo kazi tena," alisema, na kwaheri.

Miezi iliyofuata tulirudi kuwa watu wa ng'ambo. Ng'ombe wa jirani yangu alivimba tumbo, wakampigia wa sokoni, na mtandao ukasumbua kama kawaida. Wakamnywesha mafuta ya kupikia na magadi na maombi. Alikufa kabla ya jua kuchwa. Mimi nilikuwa na ng'ombe mwenye mimba, na kila nilipoamka nilimtazama mgongo wake nikijiuliza nitamwita nani siku yake ikifika. Alizaa salama, Mungu ni mwema, lakini usingizi wangu wa miezi ile haujalipwa na mtu.

Nilienda kumwona nyumbani kwake, karibu na soko la Mwala. Alikuwa kwenye sofa, mguu juu ya stuli, televisheni inawaka bila sauti. Nilimweleza habari za jirani na yule ng'ombe. Niliitupa hadithi hiyo kama anayetupia samaki chambo, nikingoja aulize tumbo lilivimba upande gani, alikula nini, mlimsimamisha ama mlimwacha amelala. Alisema, "Pole yao." Halafu msichana wa kazi akaleta chai, ya maziwa, na Daktari akaipokea akanywa. Alikunywa yote. Kwa kweli nilitoka pale nimeogopa kuliko siku ya mchangani, kwa sababu mchangani angalau aliuliza chupa.

Mama Daktari alinisindikiza hadi langoni. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba, nina maneno mengi nimeyapanga. Alinitangulia.

"Najua mnaniona mbaya, Mama Mwende."

"Aiee, mwaitu," nilisema, yaani mama yangu. "Wewe uko na mume mmoja. Sisi tuko na ng'ombe."

Alinitazama, akafunga lango. Njiani nilijilaumu kwamba safari nzima nilikuwa na hotuba, nikatumia maneno hayo machache tu.

Kisha Jumapili moja, si zamani, Musyoka alinishika mkono nje ya kanisa na kusema kwa sauti ya chini, ingawa kila mtu alimsikia, kwamba Mama Daktari amempigia simu. Daktari anakuja Alhamisi. Anakuja na nini? Musyoka alisema ameapishwa asiseme.

Alhamisi tulikuwa mtoni mapema, na hakuna aliyekuwa na mtungi wa maji. Tukasikia mlio ule ule. Nilijua akishuka mchangani safari hii ni mwisho wake. Piki kubwa ikatokea upande wa pili, imeoshwa, inang'aa, na nyuma ya Daktari alikuwa ameketi Mama Daktari, helmeti kichwani, suruali ya michezo chini ya leso, begi la dawa mapajani. Wakafika ukingoni. Injini ikazimwa.

Alishuka yeye kwanza, akamshika mumewe kiwiko naye akashuka. Daktari alikuwa na fimbo, na mguu mmoja ulikuwa umekuwa mfupi kidogo. Wakaiacha piki pale, wakashuka chini ya ukuta, juu ya mwamba, polepole, yeye akitangulia na begi. Ng'ambo ya pili, yaani kwetu, Musyoka alikuwa amesimamisha nduthi yake tayari.

"Sikilizeni," Mama Daktari alituambia, akipumua. "Hadi kwa huo mto, hiyo piki ni yake. Kutoka hapa ni ya Musyoka na miguu. Nikisikia imeshuka kwa mchanga, naichoma."

"Nani alipanga hivyo?" niliuliza.

"Mimi," alisema. Akanivuta kando kidogo. "Nilifikiri nikimweka nyumbani nitalala. Sikulala. Mtu anaangalia ukuta kutoka asubuhi. Hata ng'ombe ya jirani ikilia haulizi ni nini. Nikaona nikimlinda hivyo nitamzika akiwa mzima." Akafuta jasho kwa pembe ya leso. "Hata hiyo piki, barabarani ni tamu. Sikujua."

Nilimshika mikono yote miwili na kumshukuru kwa Kikamba, "Muvea, mwaitu. Muvea muno."

Musyoka hakuweza kujizuia. "Daktari, sasa maliza kesi. Hiyo ni piki ya vichakani ama si ya vichakani?"

Daktari aliegemea fimbo. "Ni piki nzuri," alisema. "Ilikuwa inajua mahali pa kusimama. Mimi ndio sikuwa najua." Halafu akatutazama, na nadhani ndipo alipoona kwa mara ya kwanza tulichokuja nacho.

Kila mtu alikuwa na mnyama. Ng'ombe, ndama, mbuzi wa kamba, mama mmoja mzee na kuku kwapani. Walijipanga kutoka kwenye mwamba mpaka kwenye miiba ya kithima, wanyama wanatafuna. Akaanza na ng'ombe wa mbele. Akatazama macho, akagusa ubavu. "Huyu ako sawa," alisema. Akaja kwa wa pili. "Huyu pia ako sawa." Wa tatu akamfungua mdomo, akaufunga. Akasimama.

"Mama Mwende, kuna mgonjwa hapa?"

"Hakuna, Daktari."

"Hata mmoja?"

"Hata kuku."

"Sasa mmewaleta wote kwa nini?"

Yule mama mzee wa kuku ndiye aliyejibu. "Tumekuja kukuona," alisema. "Na mtu haendi kwa daktari mikono mitupu."

Daktari aligeukia mto, akapenga kamasi, akajifanya anatafuta kitu ndani ya begi. Kisha akaomba maji, akatoa sabuni, akanawa mpaka kwenye viwiko.

"Haya," alisema. "Mmoja mmoja. Msisukumane."

Akawaangalia wote. Alipofika kwa mbuzi wangu alimpima homa, akangoja kipimo kwa subira yake yote, akakiinua juu akakisoma kwenye mwanga, na kuniambia hana homa. Nikamshukuru. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kuambiwa kitu ambacho tayari nilikijua.